Mapaa Yaliyotangulia Sputnik

Kandokando ya barabara za Los Angeles, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, iliota migahawa ya namna ya pekee. Mapaa yake yalianza chini kisha yakapanda ghafla kuelekea angani. Kuta zilikuwa kioo kitupu, mabango yalilizidi jengo kwa urefu, nyota za chuma zenye ncha nyingi zilichomoza juu ya milango, na maandishi ya neoni yaliwaka usiku kucha. Mtindo huo ukaitwa Googie. Ulienea kwenye moteli, vituo vya mafuta, sehemu za kuoshea magari na hata benki, na leo picha zake zimejaa kwenye vitabu, filamu na fulana. Umaarufu huo umeandamana na madai mengi, mengine ya wanaoudharau mtindo wenyewe, mengine ya wanaoupenda kupita kiasi. Naona pande zote mbili zinawakosea waliouunda. Nitayajibu madai hayo kwa kuyatazama majengo: yalijengwa lini, na nani, kwa vifaa gani, na nani aliruhusiwa kuketi ndani yake.

Tuanze na lile linalosikika kila mahali, kwamba Sputnik ndiyo iliyouzaa mtindo huu. Satelaiti ya Wasovieti iliruka, Wamarekani wakapatwa na homa ya anga za juu, wenye migahawa wakaezeka mapaa ya roketi. Ni simulizi tamu, lakini tarehe zinaikataa. Sputnik ilirushwa tarehe 4 Oktoba 1957. Mgahawa wa Googie's, ambao mtindo mzima ulichukua jina lake, ulijengwa mwaka 1949 kwenye kona ya Sunset Boulevard na Crescent Heights. Msanifu wake, John Lautner, aliuezeka kwa chuma kilichopakwa rangi nyekundu. Paa likaenda sawasawa kama la jengo lolote la jirani, kisha likakatika na kuinuka. Mwaka huohuo Wayne McAllister alikamilisha mgahawa wa Bob's Big Boy huko Burbank, na bango lake refu bado limesimama. Februari 1952 mhariri Douglas Haskell aliandika makala katika jarida la House & Home akiupa mtindo huo jina ulilonalo hadi leo. Matao ya kwanza ya McDonald's yalisimama mwaka 1953. Mgahawa unaojulikana sasa kama Johnie's, kwenye makutano ya Wilshire na Fairfax, ulijengwa mwaka 1956. Mtoto hawezi kuzaliwa miaka minane kabla ya mama yake.

Kama si Sputnik, basi nini? Tutazame kilichokuwa kikiruka juu ya mji wenyewe. Kusini mwa California kulikuwa kitovu cha viwanda vya ndege. Lockheed walikuwa Burbank, wakiunda ndege ya kivita ya P-38 yenye mikia miwili. Mikia hiyo ndiyo iliyowapa wabunifu wa General Motors wazo la mapezi ya nyuma ya Cadillac ya mwaka 1948. Oktoba 1947, katika jangwa la Mojave, rubani Chuck Yeager alikuwa amevuka mwendo wa sauti. Mtu aliyekaa Los Angeles hakuhitaji habari kutoka Moscow ili aanze kuwaza juu ya mwendo na kuruka. Na hata hapo mtindo haukuanzia patupu: katika miaka ya 1930 McAllister alikuwa tayari akijenga migahawa ya duara ambayo wateja walihudumiwa ndani ya magari yao, yenye minara ya taa inayoonekana kutoka mbali. Mwaka 1938, huku kwetu Afrika, Giuseppe Pettazzi alijenga kituo cha mafuta cha Fiat Tagliero mjini Asmara kwa umbo la ndege, chenye mabawa mawili ya zege, kila moja likitokeza mita 15 bila nguzo hata moja. Ndoto ya kulifanya jengo la barabarani liruke ni ya zamani kuliko satelaiti yoyote.

Kweli, baada ya 1957 mapambo yalibadilika. Hoteli ya Stardust ya Las Vegas, iliyofunguliwa mwaka 1958, ilikuwa na bango la sayari na nyota lililojaa mbele ya jengo lote. Moteli zikaanza kuitwa kwa majina ya satelaiti. Lakini Sputnik iliukuta mtindo huu ukiwa mtu mzima, ikauvisha vito tu. Vivyo hivyo kwa wanaosema kwamba mtindo ulitokana na katuni za The Jetsons: katuni hizo zilianza kurushwa Septemba 1962, na studio ya Hanna-Barbera iliyozichora ilikuwa katika mji huohuo wa Los Angeles. Wachoraji walikuwa wakipita mbele ya majengo haya kila siku.

Dai la pili ni la wasomi, na limewaumiza wasanifu hawa kuliko yote: kwamba maumbo yale hayakuwa na sababu, kwamba ni vituko vya kumvutia mpita njia, na kwamba ukiondoa paa la ajabu hakibaki chochote. Haskell mwenyewe aliandika makala yake kwa kejeli, akibuni profesa wa kufikirika anayeeleza kanuni za mtindo huo, na jina Googie likawa tusi mdomoni mwa wasanifu wa Mashariki ya Marekani kwa miaka mingi. Lautner aliumia. Alikuwa amesoma kwa Frank Lloyd Wright kule Taliesin, na baadaye alijenga nyumba zilizosifiwa duniani kote, ikiwemo Chemosphere ya mwaka 1960 iliyosimama juu ya nguzo moja mlimani. Hata hivyo jina la mgahawa mmoja lilimfuata.

Sasa tulitazame paa hilo linaloitwa kituko. Mteja anakuja kwa gari. Ana sekunde chache za kuliona jengo, kuamua, kupunguza mwendo na kukata kona. Jengo lenyewe limerudi nyuma, kwa sababu mbele yake ni maegesho. Ubao wenye jina juu ya mlango hautoshi, dereva hatausoma. Kwa hiyo msanifu analifanya jengo zima lisomeke: paa linakuwa alama, na bango linapanda juu ili lionekane kutoka makutano ya mbele. Paa likipanda kuelekea barabarani, chini yake inapatikana nafasi ya kioo kirefu kutoka sakafuni hadi darini. Usiku kioo hicho hufanya kazi ambayo rangi na maandishi haviwezi. Dereva anaona taa, anaona watu wanakula, anaona viti vitupu, anajua kwamba pamefunguliwa na kwamba nafasi ipo. Huo ni ujumbe kamili bila neno hata moja, na umetokana na hesabu.

Kioo hicho kisingewezekana kama kuta zingebeba paa. Kilichowezesha ni boriti za chuma na mihimili mikubwa ya mbao zilizogandishwa pamoja kwa gundi, ambayo ilivuka ukumbi mpana bila kuhitaji nguzo katikati. Kuta zikabaki na kazi moja tu ya kuzuia upepo. Mawazo hayohayo ndiyo yaliyokuwa yakisifiwa kwenye nyumba za matajiri na majumba ya ofisi. Yalipoletwa mahali pa kuuzia mayai na kahawa, yakaitwa vituko.

Na ukiingia ndani hesabu inaendelea. Kampuni ya Armet & Davis, iliyobuni migahawa mingi kuliko nyingine yoyote ya mtindo huu, ililitoa jiko nyuma ya ukuta na kulileta mbele ya kaunta, mteja amwone mpishi akikaanga. Usafi wa jiko ukawa sehemu ya tangazo. Viti vya kaunta havikusimama sakafuni. Vilishikiliwa na kaunta yenyewe kwa mkono wa chuma, ili anayefagia apitishe ufagio moja kwa moja bila kuzunguka miguu ya viti. Sakafu zilikuwa za terazo kwa sababu terazo huvumilia maelfu ya viatu. Migahawa ya Ships, kazi ya Martin Stern Jr., iliweka mashine ya kubanikia mkate kwenye kila meza, mteja ajibanikie mwenyewe apendavyo. Nani anaweza kuyatazama hayo yote akasema hapakuwa na sababu? Haskell mwenyewe, kejeli zake zikiisha, alikiri kwamba mtindo huu ulikuwa umeushusha usanifu wa kisasa kutoka vileleni na kuufikisha kwa mtu wa kawaida aliyeko mtaani. Sehemu hiyo ya makala yake hutajwa kwa nadra.

Wapo wanaosema hawakuwa wasanifu hasa, ni mafundi wa mabango na wenye biashara. Jibu la dai hili ni majina. Louis Armet na Eldon Davis walisoma usanifu katika Chuo Kikuu cha Southern California, wakafungua ofisi yao mwaka 1947. Mikononi mwao ilitoka Norms ya La Cienega mwaka 1957, Pann's mwaka 1958, na mfano wa jengo ambao Denny's waliurudia miji kwa miji. Stern aliendelea na kazi hadi akabuni International, hoteli kubwa ya Las Vegas iliyofunguliwa mwaka 1969. McAllister, ni kweli, hakuwa na shahada. Alikuwa na macho na mazoezi ya tangu ujana, na migahawa yake iliigwa na wenye shahada.

Na yupo Helen Liu Fong, ambaye angestahili makala yake peke yake. Alizaliwa mwaka 1927 katika mtaa wa Wachina wa Los Angeles, kwa wazazi waliokuwa na biashara ya udobi. Alisoma mipango miji huko Berkeley, akajiunga na Armet & Davis mwaka 1951, wakati ambapo mwanamke, tena wa asili ya Kichina, hakutazamiwa kuonekana kwenye meza ya kuchorea ila kama karani. Rangi, vitambaa, taa, mpangilio wa makochi, mawe ya ukutani: sehemu kubwa ya hisia anayoipata mtu akiingia Pann's ni kazi ya mikono yake. Vitabu vya picha vinavyoonyesha ukumbi huo bila kumtaja vinaonyesha nusu ya kazi.

Mwanamke mwingine ni Betty Willis, aliyebuni mwaka 1959 lile bango la kuwakaribisha wageni Las Vegas ambalo kila mtalii hupiga nalo picha. Lina kimo cha takribani mita 7.6. Duru nyeupe zinazobeba herufi za juu ni dola za fedha, kwa heshima ya jimbo la Nevada linalojulikana kwa madini hayo. Willis hakulisajili kuwa mali yake. Alilitoa kama zawadi kwa mji wake, ndiyo maana unalikuta kwenye vikombe na vishikio vya funguo duniani kote bila familia yake kudai chochote. Na kwa kuwa tumefika hapo, niliondoe dai dogo la pembeni: bango hilo halipo ndani ya mipaka ya mji wa Las Vegas. Limesimama katika eneo la kaunti ya Clark, kusini mwa mji. Wala si kila taa ya mrija inayoitwa neoni ni neoni. Gesi ya neoni hutoa rangi nyekundu inayoelekea chungwa; bluu hutoka kwenye argoni iliyotiwa zebaki kidogo, na rangi nyingine hupatikana kwa kupaka unga maalumu ndani ya kioo. Fundi huupasha mrija moto na kuukunja kwa mkono, herufi kwa herufi. Kazi ya aina hiyo haistahili kuitwa takataka ya biashara.

Kuhusu McDonald's madai ni mawili: kwamba matao yalibuniwa na Ray Kroc, mfanyabiashara aliyeieneza kampuni hiyo, na kwamba tangu mwanzo yalikuwa herufi M. Yote si kweli. Wazo la matao lilikuwa la Richard McDonald, mmoja wa ndugu wawili wenye mgahawa, aliyetaka jengo litambulike kutoka mbali. Msanifu Stanley Meston alilipokea na kulitengeneza, na mtengeneza mabango George Dexter akayavisha neoni ya manjano. Matao yalikuwa mawili, moja kila upande wa jengo, yakipenya paa na kutua chini. Jengo la Downey lilifunguliwa Agosti 1953. Kroc alifungua mgahawa wake wa kwanza Des Plaines mwaka 1955. Ukilitazama jengo kwa pembe fulani matao yanajipanga yakafanana na M, lakini nembo ya M ilichorwa mwaka 1962, kampuni ilipokuwa tayari inatafuta namna ya kuachana na majengo hayo.

Jengo la Theme lililo katikati ya uwanja wa ndege wa Los Angeles lina madai yake. Lilikamilika mwaka 1961, na miguu yake minne inainuka na kukutana juu kwa kimo cha mita 41 hivi. Wengi husema ni kazi ya Paul R. Williams peke yake, na kwamba ni tao tupu la zege. Picha maarufu ya Williams akiwa amesimama mbele yake ndiyo iliyolieneza la kwanza. Ukweli ni kwamba mradi huo uliziunganisha kampuni kadhaa, za Pereira na Luckman, Welton Becket na Williams, na umbo lenyewe lilitoka kwa James Langenheim wa Pereira na Luckman. Mpango wa awali ulikuwa kuba kubwa la kioo kuunganisha kumbi zote za abiria. Mpango huo ulipopunguzwa, Jengo la Theme likakaa mahali pa kiini cha kuba. Na miguu inayoonekana kama zege, sehemu yake kubwa ni kenchi za chuma zilizopigwa lipu juu yake. Mwaka 2007 bonge la lipu hiyo lilianguka, na ukarabati ukachukua miaka.

Sitaki mtu adhani ninamnyang'anya Williams heshima. Anastahili heshima ya kile alichokifanya. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1894, akawa yatima akiwa mdogo, na mwaka 1923 akawa mtu Mweusi wa kwanza kuingia katika chama cha wasanifu wa Marekani. Alijifunza kuchora ramani juu chini, ili mteja Mzungu asiyetaka kuketi ubavuni mwa mtu Mweusi aione nyumba yake ikichorwa akiwa upande wa pili wa meza. Medali ya dhahabu ya chama hicho alipewa mwaka 2017, miaka 37 baada ya kufa. Kazi yake ya wazi kabisa katika mtindo tunaouzungumza ni ukumbi wa mapokezi wa moteli ya La Concha, Las Vegas, mwaka 1961: maganda membamba ya zege yanayopanda na kushuka kama kombe la baharini lililofunuliwa. Kumtaja kwa jengo alilolishiriki na kulisahau alilolibuni ni dhuluma nyingine.

Habari ya Williams inanifikisha kwenye dai linaloniudhi kuliko yote, na hili hutoka kwa wapenzi wa mtindo: kwamba ile ilikuwa enzi njema, ya furaha na matumaini, ambapo mlango wa mgahawa wa barabarani ulikuwa wazi kwa yeyote mwenye senti chache na gari. Mlango haukuwa wazi kwa wote. Tangu mwaka 1936 Victor Green, mtu wa posta wa New York, alikuwa akichapisha kitabu cha kuwaonyesha wasafiri Weusi hoteli, migahawa na vituo vya mafuta ambavyo visingewafukuza. Kitabu hicho kilihitajika hadi katikati ya miaka ya 1960. Yaani, wakati mapaa haya yakipanda, raia wa nchi hiyohiyo walikuwa wakisafiri na chakula ndani ya gari, wakipanga pa kulala kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu bango linalowaka neno la kukaribisha halikuwa linazungumza nao.

Na Waafrika walionja hayo. Oktoba 1957 Komla Gbedemah, waziri wa fedha wa Ghana iliyopata uhuru miezi saba tu kabla, alisimama kwenye mgahawa wa Howard Johnson's mjini Dover, Delaware. Howard Johnson's lilikuwa jina kubwa kupita yote barabarani, na paa lao la rangi ya chungwa lilijulikana kwa kila mtoto wa Marekani. Gbedemah aliagiza maji ya machungwa, akaambiwa watu Weusi hawaruhusiwi kunywea ndani. Tarehe 10 Oktoba Rais Eisenhower alimwalika kifungua kinywa Ikulu ili kumwomba radhi. Hesabu siku: Sputnik ilikuwa angani tangu tarehe 4. Juma lilelile ambalo simulizi za anga za juu huliadhimisha kama mwanzo wa zama mpya, waziri wa dola huru ya Afrika alinyimwa glasi ya maji ya machungwa chini ya paa la barabarani. Aprili 1961 William Fitzjohn, mwanadiplomasia wa Sierra Leone, alikataliwa na mgahawa mwingine wa jina hilohilo huko Hagerstown, Maryland. Miezi michache baadaye balozi wa Chad alikataliwa kwenye barabara namba 40, njia ya mabalozi kati ya New York na Washington, na serikali ya Kennedy ikalazimika kutuma maofisa wa itifaki kuwabembeleza wenye migahawa, mlango kwa mlango.

California ilikuwa na sheria yake ya mwaka 1959 iliyokataza ubaguzi katika biashara, lakini ilibidi kusubiri hadi Julai 1964 kupata sheria ya nchi nzima, na hata hapo mwenye moteli moja ya Atlanta alikwenda hadi Mahakama Kuu kutetea haki ya kuwafukuza wageni Weusi. Alishindwa Desemba mwaka huo. Las Vegas nayo ilikuwa hivyo. Hoteli ya Moulin Rouge, iliyofunguliwa Mei 1955, ilikuwa ya kwanza mjini humo kuwapokea wageni wa rangi zote kwa pamoja, na ilifungwa kabla mwaka haujaisha. Bango lake, kwa maandishi ya mwandiko yanayotiririka, lilikuwa kazi ya Betty Willis. Na ndani ya jengo hilo, Machi 1960, ndipo yalipofikiwa makubaliano ya kufungua hoteli nyingine za mji kwa watu Weusi. Kuyapenda majengo haya hakudai tuyasahau hayo. Mimi nayapenda, na ninayajua.

Kinyume kabisa cha dai la wapenzi hao ni dai la Peter Blake, ambaye mwaka 1964 alichapisha kitabu kikali akiziita kando za barabara za Marekani jalala. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya kuzipamba barabara kuu na kupunguza mabango, ikipigiwa debe na mke wa Rais Johnson. Sikatai kwamba yalikuwapo mabango mabovu, yalikuwa mengi. Kosa la Blake ni kutotofautisha. Aliyemjibu vizuri kuliko wote alikuwa mwana wa Afrika: Denise Scott Brown, aliyezaliwa mwaka 1931 huko Nkana, katika Zambia ya leo, na kukulia Johannesburg. Yeye ndiye aliyempeleka msanifu Robert Venturi Las Vegas mwaka 1966, na mwaka 1968 walirudi na wanafunzi wa Yale kupima maegesho, kuhesabu taa na kuchora mabango kwa makini yaleyale ambayo wengine huyapa magofu ya Roma. Kitabu chao na Steven Izenour cha mwaka 1972 kiliwalazimisha wasanifu kukubali kwamba jengo linalozungumza na mtu aliye kwenye mwendo lina lugha yake, na lugha hiyo husomwa kabla ya kuhukumiwa. Cha kusikitisha ni kwamba kitabu kilipotoka, mengi ya majengo yenyewe yalikuwa yameshaanza kuangushwa.

Hapo ndipo linapoingia dai la mwisho, wanalolitoa wenye vibali vya kubomoa: mtindo ulikufa wenyewe, watu waliuchoka, na majengo hayakujengwa kudumu. Mtindo haukufa wenyewe. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956, iliyokusudia mtandao wa kilomita 66,000 hivi, iliwahamisha madereva kutoka barabara za zamani na kuwapitisha mbali na milango ya migahawa. Makampuni makubwa yalitaka majengo yasiyowaudhi wajumbe wa mabaraza ya miji, na mwishoni mwa miaka ya 1960 McDonald's walihamia kwenye mapaa ya kuinama na matofali ya kahawia. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, ukuta wa kioo ukawa gharama. Juu ya yote, ardhi ya kona nzuri ikawa na thamani kuliko mgahawa wa ghorofa moja. Googie's yenyewe ilibomolewa mwaka 1989. Ships ya Westwood ilikuwa imeondoka mwaka 1984, ya Culver City ikafuata 1995.

Na yaliyoachwa yasimame yamesimama. McDonald's ya Downey ilikumbwa na tetemeko la Northridge la mwaka 1994, kampuni ikataka kuibomoa, wananchi wakapinga, ikafunguliwa tena mwishoni mwa mwaka 1996 na bado inauza chakula. Pann's inapika. Wich Stand, mgahawa wa mwaka 1957 wenye mlingoti ulioinama na kutoboa paa, ukawa duka na mgahawa wa vyakula vya afya unaomilikiwa na Mmarekani Mweusi. Norms ya La Cienega ilikuwa imeshaombewa kibali cha kubomolewa mwanzoni mwa 2015. Mji ukaitangaza kuwa urithi mwaka huohuo. La Concha ya Williams ilikatwa vipande vinane mwaka 2006, ikasafirishwa, ikaunganishwa upya, na tangu 2012 ndiyo mlango wa Makumbusho ya Neoni ya Las Vegas, ambako herufi za Moulin Rouge pia zimehifadhiwa. Johnie's ya Wilshire na Fairfax iliacha kuhudumia wateja mwaka 2000, ikabaki ikitumiwa zaidi na wapiga filamu, na mwaka 2013 mji ukaiwekea ulinzi wa urithi. Boriti zake ni nzima, bango lake lipo. Inachohitaji ni mtu wa kuwasha jiko.